Jinsi janga la korona lilivyoitikisa Disney, kampuni iliyojengwa juu ya mikusanyiko ya watu

Katika mwaka wa fedha ulioishia mwishoni mwa Septemba 2019, kitengo cha kampuni ya Walt Disney kinachosimamia bustani za burudani, hoteli, meli za kitalii na uuzaji wa bidhaa kiliingiza dola bilioni 26.2 na kubakiwa na faida ya uendeshaji ya karibu dola bilioni 6.8. Mwaka uliofuata, ambao janga la UVIKO-19 liliuvuruga kuanzia Januari, kitengo hicho hicho kiliingiza dola bilioni 16.5 na kuishia na hasara ya dola milioni 81. Anayezitazama tarakimu hizi kwa haraka ataona mporomoko tu, na kwa kweli ni mporomoko, lakini akizitazama kwa makini atakuta jambo linalohitaji kufafanuliwa: mapato yalipungua kwa asilimia 37 hivi, ilhali faida haikupungua kwa kiwango hicho bali ilitoweka yote. Kuelewa kwa nini ilikuwa hivyo ni kuelewa namna kampuni ya aina hii inavyoishi, na pia ni njia ya kujua ni nani hasa aliyeubeba mzigo pale mageti yalipofungwa.

Disney si kampuni ya bustani peke yake. Janga lilipoingia ilikuwa na matawi manne makubwa: televisheni, zikiwemo ABC na chaneli za michezo za ESPN; studio za filamu; huduma za kutazama filamu kwa intaneti, hasa Disney+ iliyozinduliwa Novemba 12, 2019; na hicho kitengo cha bustani na bidhaa. Kwa miongo mingi nguvu yake imetokana na namna matawi hayo yanavyolishana. Filamu ikipendwa, mtoto hununuliwa mwanasesere wa mhusika wake; baada ya mwaka mmoja au miwili familia hufunga safari kwenda kumwona mhusika huyo bustanini; wakirudi nyumbani hutazama vipindi vinavyomhusu, na studio nayo hupata sababu ya kutengeneza filamu ya pili. Mpangilio huo ulikuwa kinga ya kweli dhidi ya misukosuko ya kawaida, kwa kuwa filamu moja ikianguka, bustani ziliweza kulibeba pengo. Korona haikuwa msukosuko wa aina hiyo. Ilishambulia kitu ambacho karibu matawi yote yalikitegemea kwa pamoja, yaani watu wasiofahamiana kukaa bega kwa bega: katika ukumbi wa sinema, katika uwanja wa mpira, ndani ya meli, na katika foleni ya kungojea kupanda treni ya burudani.

Pigo lilianzia Asia. Bustani ya Shanghai ilifungwa Januari 25, 2020, siku ya kwanza ya mwaka mpya wa Kichina, ambayo ni miongoni mwa siku zinazotegemewa sana kwa mapato. Hong Kong ikafuata kesho yake, na Tokyo Februari 29. Hapa inafaa kueleza jambo ambalo wageni wengi hawalijui: bustani zenye jina la Disney hazimilikiwi zote na Disney. Ile ya Tokyo ni mali ya kampuni ya Kijapani ya Oriental Land, na Disney hulipwa mrabaha tu. Ya Shanghai humilikiwa kwa ubia ambao Disney ina asilimia 43 na kundi la kampuni za serikali ya Shanghai lina sehemu iliyobaki, wakati serikali ya Hong Kong ndiyo yenye hisa nyingi zaidi katika bustani iliyoko huko. Kwa hiyo kufungwa kwa Tokyo kuliigharimu Disney kidogo kuliko kulivyomgharimu mwenyeji wake, na kufungwa kwa Shanghai kuliwaumiza wabia wawili kwa pamoja. Pigo lenyewe hasa lilikuja katikati ya Machi, zilipofungwa Disneyland ya California, Disneyland Paris, na Walt Disney World ya Florida, ambazo zote tatu Disney inazimiliki kikamilifu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya kampuni hiyo, bustani zake zote duniani zilikuwa zimefungwa kwa wakati mmoja.

Ili ukubwa wa jambo hilo ueleweke, tukumbuke kwamba Disneyland ya California, iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa imewahi kufungwa kwa dharura mara chache sana: wakati wa maombolezo ya Rais John F. Kennedy mwaka 1963, baada ya tetemeko la ardhi la Northridge mwaka 1994, na siku ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Kila mara ilikuwa ni kufunga leo na kufungua baada ya muda mfupi. Safari hii geti lilifungwa Machi 14, 2020 na halikufunguliwa hadi Aprili 30, 2021. Na kana kwamba hayo hayatoshi, wiki chache tu kabla ya kufunga, Februari 25, mkurugenzi mtendaji wa muda mrefu Bob Iger, aliyebaki kuwa mwenyekiti mtendaji, alikuwa amemkabidhi uongozi Bob Chapek, mtu ambaye ujuzi wake mkubwa ulikuwa katika kitengo hicho hicho cha bustani.

Sasa turudi kwenye swali la faida iliyotoweka. Gharama za biashara yoyote zinagawanyika katika mafungu mawili. Kuna zile zinazopanda na kushuka kulingana na wingi wa wateja, kama vile vyakula, vifungashio, bidhaa za dukani, na saa za vibarua wa muda. Na kuna zile ambazo hazibadiliki, mteja aje asije: riba ya mikopo, bima, kodi ya ardhi na majengo, ulinzi, matengenezo, na uchakavu wa mitambo. Mwenye basi la abiria aliyelinunua kwa mkopo wa benki anaijua hesabu hii vizuri, maana gari likilala gereji, rejesho la mkopo halilali. Bustani kubwa ya burudani ni biashara ambayo sehemu kubwa mno ya gharama zake iko katika fungu hilo la pili. Kujenga eneo moja jipya la michezo huweza kugharimu mamia ya mamilioni ya dola, na fedha hizo hutumika kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Mtambo ukishajengwa, kumbeba mgeni mmoja zaidi kunagharimu senti chache. Ndiyo maana wageni wakiwa wengi faida huongezeka kwa kasi kuliko mapato, na wakitoweka, faida nayo hutoweka kwa kasi ile ile.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika bustani ya Disney's Animal Kingdom huko Florida, iliyofunguliwa Aprili 1998, na mfano huo unatugusa kwa karibu sisi wasomaji wa Kiswahili. Ndani yake kuna mji wa kubuni uitwao Harambe, uliojengwa kwa kuigiza miji ya pwani ya Afrika Mashariki, hasa Lamu, wenye kuta za chokaa zilizochakazwa kwa makusudi na vibao vya maduka vilivyoandikwa kwa Kiswahili. Kutokea hapo mgeni hupanda lori na kuzungushwa katika mbuga ya kutengenezwa yenye twiga, tembo, simba na vifaru walio hai. Mlango wa bustani ulipofungwa Machi, lori ziliegeshwa na maduka ya Harambe yakafungwa, lakini wanyama waliendelea kula, kuugua na kuzaa. Walezi na madaktari wao waliendelea kuingia kazini kila siku. Vifaru hawawezi kupewa likizo bila malipo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo kifaru jike aitwaye Kendi, aliyezaliwa hapo hapo mwaka 1999, alizaa ndama. Kila mzigo wa majani na kila dozi ya dawa iliyotumika katika miezi ile iliingia katika vitabu vya hesabu bila tiketi hata moja ya kuifidia. Mitambo nayo ina madai yake: treni za burudani zikisimama muda mrefu huharibika, kwa hiyo mafundi hulazimika kuziendesha zikiwa tupu, kukagua breki, na kusafisha mifereji ya maji ambayo hakuna boti inayopita.

Kwa sababu hiyo, kufungua bustani kwa wageni wachache kulikuwa na mantiki ambayo wengi waliishangaa. Mtu aliweza kuuliza ni faida gani inayopatikana kwa kufungua eneo lililojengwa kwa ajili ya makumi ya maelfu ya watu kwa siku na kuruhusu robo yao tu. Jibu la wakuu wa fedha wa Disney lilikuwa kwamba kipimo si faida kamili. Kipimo ni kama fedha zitakazoingia zitazidi gharama za ziada zinazotokana na kule kufungua kwenyewe, ili kinachobaki kisaidie kulipia zile gharama ambazo zingelipwa hata kama geti limefungwa. Kwa hesabu hiyo, bustani yenye wageni robo inaweza kuwa inapata hasara na bado ikawa na nafuu kuliko iliyofungwa. Shanghai ilifungua kwanza, Mei 11, 2020, ikiwa imewekewa na serikali kikomo cha wageni 24,000 kwa siku mahali ambapo kwa kawaida huingia hadi 80,000, na tiketi za siku ya kwanza ziliisha kwa dakika chache. Tokyo ilifunguliwa Julai 1. Huko Florida, bustani za Magic Kingdom na Animal Kingdom, ambazo ni sehemu ya Walt Disney World, zilifunguliwa Julai 11, na bustani mbili nyingine Julai 15, kwa takriban asilimia 25 ya uwezo wake. Ilipofika Novemba kiwango hicho kilikuwa kimepandishwa hadi asilimia 35.

Bustani iliyofunguliwa haikuwa ile iliyofungwa. Gwaride na fataki, ambazo huwakusanya watu mahali pamoja, zilikuwa zimeondolewa. Wageni walipimwa joto la mwili kabla ya kuingia, safu za viti katika treni ziliachwa tupu ili kutenganisha familia na familia, na wahusika wa katuni, ambao kazi yao yote ni kukumbatiwa na watoto, walipunga mkono kwa mbali. Palikuwa pia na jambo dogo linaloonyesha ugumu wa kusimamia afya mahali pa starehe. Mgeni aliruhusiwa kuvua barakoa wakati wa kula au kunywa, na haikuchukua siku nyingi kabla wengine hawajagundua kwamba ukitembea na kinywaji mkononi unaweza kuzunguka bustani nzima barakoa ikiwa kidevuni. Mwezi ule ule wa Julai kanuni ikarekebishwa: kula na kunywa ni kwa aliyesimama au kukaa mahali pamoja, akiwa mbali na wenzake. Waigizaji wa majukwaani nao walikuwa na dai ambalo mimi naliona la haki kabisa, kwamba mtu anayeimba na kucheza bila barakoa apimwe virusi mara kwa mara. Chama chao kilivutana na kampuni juu ya jambo hilo hadi Agosti ndipo wakaafikiana.

Tofauti kati ya Florida na California inaonyesha jinsi hatima ya kampuni moja ilivyokuwa mikononi mwa serikali mbalimbali. Walt Disney World ilifunguliwa wakati maambukizi ya Florida yakiwa yamepanda mno. Julai 12, siku moja baada ya geti kufunguliwa, jimbo hilo lilitangaza wagonjwa wapya zaidi ya 15,000 kwa siku moja. California ilishika njia nyingine. Disneyland ilikuwa imepanga kufungua Julai 17, siku ya kutimiza miaka 65, ikashindwa kupata kibali, na Oktoba serikali ya jimbo ikatoa mwongozo kwamba bustani kubwa hazitafunguliwa mpaka wilaya husika ifikie daraja la chini kabisa la maambukizi. Iger, aliyekuwa katika jopo la gavana la kufufua uchumi, alikuwa amekwisha kujitoa mwanzoni mwa mwezi huo. Mwezi Januari 2021 sehemu ya maegesho ya magari ya Disneyland iligeuzwa kituo kikubwa cha kutoa chanjo, wakati bustani yenyewe ikiwa bado imefungwa. Ilipofunguliwa Aprili 30, ilikuwa kwa wakazi wa California peke yao. Mji wa Anaheim, ambako Disneyland iko, uliumia pamoja nayo, kwa kuwa kodi inayotozwa kwa kila chumba cha hoteli ndiyo iliyokuwa chanzo chake kikubwa cha mapato. Hoteli zikiwa tupu, hazina ya mji inayolipia polisi, maktaba na barabara nayo hukauka. Makadirio ya wataalamu wa sekta hii yanaonyesha kwamba Disneyland ilipata wageni milioni 18.7 mwaka 2019 na milioni 3.7 tu mwaka 2020, ambao wote waliingia kabla ya katikati ya Machi. Magic Kingdom, iliyofunguliwa mapema, ilishuka kutoka milioni 21 hadi karibu milioni 7.

Kuhusu wafanyakazi nitakaa kidogo, kwa sababu katika taarifa za fedha wao huonekana kama gharama iliyopunguzwa, na neno hilo halitoshi. Kwa wiki kadhaa baada ya kufunga, Disney iliendelea kuwalipa. Kuanzia Aprili 19, 2020, watu zaidi ya 100,000 walipelekwa likizo bila malipo, maana yake ajira zao zilibaki kwenye karatasi lakini mishahara ikasimama. Kampuni iliendelea kuwalipia bima ya afya, na katika nchi ambayo bima ya watu wengi imefungamana na ajira, hilo lilikuwa jambo kubwa linalostahili kutajwa kwa heshima yake. Lakini bima haipiki chakula. Mfanyakazi wa Florida alitegemea mafao ya jimbo kwa asiye na kazi, ambayo kiwango chake cha juu kilikuwa dola 275 kwa wiki, na mfumo wa kompyuta wa kuyaomba ulizidiwa na wingi wa waombaji kiasi kwamba watu walikesha wakijaribu kuingia bila mafanikio. Serikali kuu iliongeza dola 600 kwa wiki, lakini nyongeza hiyo ilikoma mwishoni mwa Julai. Wanafunzi waliokuwa katika mpango wa kufanya kazi na kuishi katika nyumba za kampuni, wengine wakiwa wametoka nchi za mbali, waliambiwa mwezi Machi wafungashe na kuondoka kwa siku chache.

Kisha, Septemba 29, Disney ikatangaza kwamba watu 28,000 katika kitengo cha bustani na bidhaa nchini Marekani wangeachishwa kazi moja kwa moja, na karibu asilimia 67 yao walikuwa wa muda. Miezi miwili baadaye idadi ilipandishwa hadi 32,000. Katika kipindi hicho Iger aliacha kupokea mshahara wake wa msingi na Chapek akakatwa nusu ya wake, hatua ambazo zilipokewa vizuri zilipotangazwa. Ila mshahara wa msingi ni sehemu ndogo ya malipo ya wakuu wa kampuni za aina hii: kwa mwaka huo wa fedha, malipo yote ya Iger kwa pamoja yalifikia dola milioni 21, ingawa yalikuwa chini ya nusu ya yale ya mwaka uliotangulia. Abigail Disney, mjukuu wa mmoja wa waasisi wa kampuni, alikosoa hadharani uamuzi wa kusimamisha mishahara ya wafanyakazi wa chini huku mipango ya marupurupu ya wakuu na gawio la wanahisa ikiwa bado haijaguswa. Nakubaliana naye. Aliyekuwa na akiba ndogo kuliko wote ndiye aliyetangulia kuulizwa achangie.

Gawio lenyewe liliguswa Mei, kampuni ilipotangaza kwamba malipo ya Julai hayatatolewa na hivyo kuokoa karibu dola bilioni 1.6, wanahisa hawakulipwa tena hadi Januari 2024. Hatua hii inaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka kwamba Disney iliingia katika janga ikiwa na deni kubwa. Machi 2019 ilikuwa imekamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya kampuni ya 21st Century Fox kwa takriban dola bilioni 71. Korona ilipokuja, iliuza hatifungani za dola bilioni 6 mwezi Machi na nyingine za dola bilioni 11 mwezi Mei, na katikati yake ikafungua mkopo wa dharura wa dola bilioni 5 kutoka mabenki. Fedha hizo hazikuwa za kujenga chochote. Zilikuwa za kununua muda, na kampuni ndogo za burudani ambazo hazikuwa na jina la kukopea hazikuupata muda huo.

Matawi mengine yaliathirika kwa namna ambazo hazikutarajiwa. Ligi ya mpira wa kikapu ya NBA iliposimamishwa Machi 11, 2020, ESPN ilibaki na saa nyingi za kutangaza na hakuna mchezo wa kuonyesha. Hata hivyo, katika robo ya Aprili hadi Juni faida ya kitengo cha televisheni ilipanda kwa asilimia 48, kwa sababu watazamaji waliendelea kulipia vifurushi vyao vya kila mwezi wakati gharama za haki za kutangaza michezo zilikuwa zimesogezwa mbele pamoja na michezo yenyewe. Katika robo hiyo hiyo kampuni nzima ilitangaza hasara ya dola bilioni 4.7, na wengi walidhani zote zimetokana na bustani. Bustani zilichangia hasara ya karibu dola bilioni 2, lakini sehemu kubwa zaidi ilikuwa ni kushusha thamani ya chaneli za kimataifa kwa dola bilioni 5, jambo la kivitabu ambalo halikutoa fedha taslimu mfukoni siku ile. Baadaye NBA ilihamia ndani ya Walt Disney World yenyewe: timu 22 zilifungiwa katika hoteli za eneo hilo, zikapimwa kila siku, na kumaliza msimu bila watazamaji uwanjani. Mahali palipojengwa kwa ajili ya halaiki palifaa sana kwa kuizuia halaiki, kwa kuwa palikuwa na hoteli, viwanja, jikoni na barabara za ndani vyote chini ya mwenye mali mmoja.

Filamu zilikosa kumbi. Moja iliyokuwa izinduliwe Machi 27 iliahirishwa mara kadhaa, na Septemba 4 ikawekwa kwenye Disney+ kwa malipo ya ziada ya karibu dola 30. Mwaka uliofuata kampuni ilijaribu kutoa filamu katika kumbi na kwenye intaneti kwa siku moja, na Julai 2021 mwigizaji Scarlett Johansson akafungua kesi akidai kwamba malipo yake yaliyotegemea mauzo ya kumbi yalikuwa yamepunguzwa kwa njia hiyo. Pande mbili zilipatana Septemba. Kesi hiyo ilifichua kwamba mikataba ya tasnia nzima ilikuwa imeandikwa kwa dunia ambayo filamu huanzia ukumbini.

Disney+ ndiyo iliyoikoa sura ya kampuni mbele ya masoko. Mwishoni mwa Machi 2020 ilikuwa na wanachama milioni 33.5, mwanzoni mwa Oktoba walikuwa milioni 73.7, na Machi 2021 walipita milioni 100. Lengo la awali lilikuwa kufika kati ya milioni 60 na 90 ifikapo mwaka wa fedha wa 2024. Watu waliofungiwa nyumbani na watoto walijiunga, na thamani ya hisa ikapanda wakati bustani bado zinavuja fedha. Hapa ndipo ninapoona kosa kubwa la kufikiri la kipindi kile, ambalo Disney haikuwa peke yake katika kulifanya: mazoea ya watu waliozuiwa kutoka yalichukuliwa kama matakwa ya watu walio huru. Kampuni ilijipanga upya Oktoba 2020 na kuiweka huduma ya intaneti mbele ya kila kitu, ikamwaga fedha katika vipindi vipya, na katika mwaka wa fedha wa 2022 kitengo hicho kikapata hasara ya dola bilioni 4. Novemba 20, 2022, Chapek aliondolewa na Iger akarudishwa.

Bustani, kinyume chake, zilirudi kwa nguvu ambayo wachache waliitabiri. Katika mwaka huo wa 2022 kitengo chake kiliingiza dola bilioni 28.7 na faida ya dola bilioni 7.9, zaidi ya kabla ya korona. Sehemu ya sababu ni hamu ya watu waliokaa ndani muda mrefu. Sehemu nyingine ni kwamba janga liliipa kampuni nafasi ya kubadili mambo ambayo katika nyakati za kawaida yangezua kelele nyingi. Tiketi za kuingia mwaka mzima zilifutwa Disneyland Januari 2021 na kurudishwa Agosti kwa masharti mapya. Utaratibu wa kuweka nafasi ya siku kabla ya kuja, ulioanzishwa kwa ajili ya kudhibiti msongamano, uliendelea kutumika muda mrefu baada ya vikomo vya afya kuondolewa, kwa kuwa uliiwezesha kampuni kupanga wafanyakazi na kuelekeza wageni kwenye siku zenye nafasi. Na ile huduma ya kuruka foleni iliyokuwa bure ilirudi Oktoba 2021 ikiwa ya kulipia. Matumizi ya kila mgeni katika bustani za Marekani yalifikia takriban asilimia 40 juu ya yale ya 2019. Familia ya kipato cha kati iliyokuwa ikidunduliza kwa ajili ya safari hiyo ilikuta hesabu imebadilika kabisa.

Huko China mambo hayakuisha mapema hivyo. Oktoba 31, 2021, mgeni mmoja aliyekuwa ametembelea bustani ya Shanghai alipogundulika kuwa na virusi, milango ilifungwa na watu karibu 34,000 waliokuwa ndani walipimwa hapo hapo, wengine usiku fataki zikirushwa juu yao. Mwaka 2022 bustani hiyo ilifungwa kuanzia Machi 21 hadi Juni 30, kisha ikafungwa na kufunguliwa tena na tena hadi Desemba.

Meli nazo zilichelewa kupona. Safari zilisimama katikati ya Machi 2020, na kutoka bandari za Marekani hazikuanza tena hadi Agosti 2021. Kampuni nyingine za meli za kitalii hazikufika hata hapo: Genting Hong Kong ilianguka Januari 2022, ikiiacha katika kiwanda cha Wismar, Ujerumani, meli kubwa sana ambayo ujenzi wake ulikuwa haujakamilika. Novemba mwaka huo Disney iliinunua kwa bei ambayo yenyewe iliiita nafuu, ili iimalizie na kuipeleka Singapore, na Septemba 2023 ikatangaza kwamba katika miaka kumi ijayo itawekeza takriban dola bilioni 60 katika bustani na meli, karibu mara mbili ya ilivyotumia katika muongo uliotangulia.